Nani Ameona Kitu?

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu, viongozi wa dini na wa vijiji, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mliotukusanya juani leo,

Mama mmoja pale nyuma amepiga vigelegele kabla jina la mwanawe halijasomwa. Mama, hongera sana. Hata tusiokufahamu tumeshajua cheti kile ni cha nyumba gani.

Hapa Katumba mimi ni mwenyeji. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli, kwenye tawi hili la kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mwaka 1973, nikiwa na miaka 12, niliwaona babu na bibi zenu wakiletwa hapa baada ya kukimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Palikuwa msitu wa miombo mtupu. Wakafyeka, wakang'oa visiki, wakafyatua matofali, wakalima. Ilipofika 1978 makazi haya yakakabidhiwa Serikali, kwa sababu watu walikuwa wanajilisha wenyewe. Na kuanzia 2014 wengi wao wakashika vyeti vya uraia wa Tanzania mkononi. Kwa hiyo asije mtu akawaambia, wajukuu wa Katumba, kwamba fundi ni yule aliyeshindwa masomo. Mji huu mzima umetoka kwenye mikono yenye sugu.

Sasa niseme kilichonileta. Nimefanya kazi ya ujenzi zaidi ya miaka 35, na ninayo lawama moja juu ya kazi yetu. Fundi akiwa hodari kuliko wenzake, tunamfanya msimamizi. Hatumuulizi kama anajua kukaa na watu. Tunamvisha kofia ngumu, tunampa filimbi, tunamwambia: hawa thelathini ni wako. Kukunja nondo tumemfundisha miaka mitatu, lakini kumsikiliza mtu hatujamfundisha hata siku moja.

Nilifanywa hivyo mimi mwenyewe, mwaka 1994, Dar es Salaam, kwenye jengo la ghorofa. Nilikuwa fundi nondo mzuri, tena najijua. Jioni moja tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya kwanza, juu ya mbao zilizoshikiliwa na mirunda, zile nguzo za miti. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Mnajua msemo wetu: zege halilali. Saruji ikishakutana na maji haikusubiri, na nilitaka kumaliza kabla ya giza. Saidia fundi mmoja, kijana wa miaka 19 hivi, akaweka karai chini akaja kwangu. "Bosi, mrunda wa kona ile umezama kwenye tope." Nilimjibu mbele ya wenzake: "Wewe umeletwa hapa kubeba, hukuletwa kufikiri."

Akarudi kubeba. Haikupita nusu saa kona ile ikashuka, mbao, nondo na zege bichi, na yeye alikuwa chini yake. Mungu ni mwema, hakufa mtu. Lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili, na hakubeba karai tena.

Nilikaa siku nzima nikiilaumu mvua. Kesho yake jioni, mzee mmoja mwashi akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ule mrunda tuliuona wengi." Nikaanza kuuliza mmoja mmoja. Walioona walikuwa saba! Watu saba wameuona mrunda unazama, na aliyefungua mdomo ni mmoja, mdogo kuliko wote, tena ndiye niliyemnyamazisha. Wale sita hawakuwa waoga wala wavivu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimewafundisha, kila siku, kwamba kusema ni kutukanwa. Walikuwa wamelishika somo langu vizuri.

Nilikwenda kwa mkandarasi nikasema ukweli: niliambiwa, nikapuuza. Nilivuliwa usimamizi, nikarudi kukunja nondo karibu miaka miwili. Ilikuwa haki. Na katika miaka ile miwili, nikiwa chini ya wengine, ndipo nilipojifunza kuongoza, maana niliona kwa macho ya anayeamrishwa.

Nivumilieni kidogo hapa, kwa sababu kuna neno ambalo nimelipigania maisha yangu yote. Neno lenyewe ni nyapara. Leo ukimwita mtu nyapara umemtukana; watu wanawaza bakora, wanawaza gereza. Lakini neno hili ni la huku kwetu. Katika misafara ya karne ya 19, iliyopita Tabora kwenda Ujiji na pwani, wapagazi Wanyamwezi walikuwa na mnyampara, mtu mzima wa kuheshimiwa, mkubwa wa kundi lake. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, ajuaye njia na mahali pa maji. Sikilizeni vizuri jina hilo: kirangozi, kiongozi. Ni mzizi mmoja. Uongozi unaotajwa leo ofisini una ndugu yake njiani, kwa watu wenye mizigo mabegani. Kisha wakaja wakoloni na kazi za shokoa, wakamchukua mnyampara wakampa kiboko, na jina lake likaharibika.

Baba yangu alimpata nyapara wa aina ile ya zamani. Kila alfajiri gengi lao lilikagua reli kabla treni haijapita. Nyapara wao alitangulia, na spana yake alibeba mwenyewe. Baba alikuwa akisema, "Bolti iliyolegea aliiona yeye kwanza, au alituuliza sisi." Nilikulia ndani ya maneno yale, na bado nilipopewa filimbi niliyasahau. Ndiyo maana siwaamini wanaosema tabia njema mtu huipata nyumbani ikamtosha. Nyumbani unapewa mbegu. Palizi utaifanya mwenyewe, kila msimu.

Na taifa letu liliwahi kulisema jambo hili waziwazi. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani wakaishika ibara ile kama silaha yao mbele ya mameneja. Ni zaidi ya nusu karne sasa. Meneja anakatazwa dharau, vizuri. Lakini je, fundi anapomdharau saidia fundi wake, ibara hiyo nani atamsomea? Mnyonge anayemwonea mnyonge mwenzake ndiye anayeniumiza kuliko wote.

Sasa mashauri, na sitayapanga.

Mlipe kibarua siku mliyopatana. Akikupa jasho lake Jumamosi, usimwambie njoo Jumatano. Nunua daftari la shilingi chache, andika nani kaja, kafanya nini, anadai nini. Daftari limeokoa urafiki mwingi kuliko ahadi. Jua jina la kila mtu, usimwite "we dogo" mwezi mzima. Zege mwagilieni maji siku saba, nawaomba, hata kama mwenye nyumba hayupo. Hapo ndipo fundi anajulikana. Ijueni sheria: saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na tangu 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kijana yule wangu aliumia kabla ya mfuko huo. Ninyi ulizeni mapema kama mwajiri wenu amejisajili, msingoje mtu alale hospitali.

Mabinti mliohitimu useremala, umeme na uashi: mtakwenda mahali ambapo mtaambiwa muwapikie mafundi uji. Kataeni kwa adabu, shikeni pima maji yenu, fanyeni kazi. Na ninyi vijana wa kiume, siku hiyo msikae kimya.

Walimu, asanteni, mmefundisha pengine kwa vifaa vichache na moyo mwingi. Wazazi, najua gunia la mahindi na tumbaku iliyouzwa ili ada ilipwe. Deni hilo halisahauliki.

Nimalizie. Niliporudishiwa usimamizi nilianza desturi moja, na sikuiacha mpaka nastaafu. Kila asubuhi, kabla beleshi halijagusa mchanga, niliwakusanya wote nikauliza: "Nani ameona kitu?" Nilianza na aliye mdogo kuliko wote, kwa sababu wakubwa wakishasema, mdogo huona haya. Wiki za kwanza walinitazama tu. Mwezi wa pili kijana mmoja akasema, "Ngazi ile imepasuka." Nikaivunja palepale, mbele yao, nikamshukuru kwa jina lake. Kuanzia siku hiyo sikuwahi kukosa jibu.

Wengi wenu mtaanza kwa kubeba karai. Mkiona mrunda unazama, semeni, hata mkitukanwa. Na siku mtakapopewa filimbi, muulizeni mdogo wenu, kisha mnyamaze mpaka amalize.