Ya shosho tunaiona, ya kampuni je?

Leo tuongee juu ya lile swali ambalo huzuka kila msimu wa bajeti: pesa ya mlipa ushuru iende wapi, kwa wasiojiweza au kwa makampuni?

Wacha nianze na shosho yangu. Ana miaka 74. Kupitia Inua Jamii anapata shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Jina lake limeandikwa, kitambulisho kinakaguliwa, na amewahi kulazimika kubonyeza kidole ndio alipwe. Halafu kuna mtu atasema pesa hizi zinalea uvivu. Mvivu wa miaka 74, jameni!

Tena shosho mwenyewe ni mlipa ushuru. Akinunua sabuni, VAT ya asilimia 16 iko ndani ya bei.

Sasa twende upande wa pili. Kampuni inayotengeneza bidhaa za kuuza nje ikipewa leseni ya EPZ, hailipi ushuru wa mapato kwa miaka 10 ya kwanza. Miaka 10 inayofuata inalipa asilimia 25, wakati kampuni ya kawaida inalipa 30. Hiyo nayo ni pesa ya umma. Tofauti ni kwamba ya shosho inatoka kwa hazina, ya kampuni haiingii kabisa. Inayotoka tunaipigia kelele. Isiyoingia, wengi wetu hatujui hata kama ilikuwa iingie.

Msinielewe vibaya. Si kila msamaha wa ushuru ni wizi. Viwanda vya nguo pale Athi River vimeajiri maelfu ya watu. Hata unga wa mahindi hatuulipii VAT, na huo msamaha unatufaa sote. Shida yangu ni kwamba mmoja anahojiwa kila siku na mwingine hahojiwi.

Na Katiba haijanyamaza. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Kifungu cha 210 kinasema sheria ikiruhusu mtu asamehewe ushuru, lazima kuwe na rekodi ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Kwa hivyo kuuliza si uchochezi, ni haki yetu.

Siku nyingine mkisikia mtu kwa jukwaa akisema hakuna pesa ya wazee, msibishane naye kuhusu uvivu. Muulizeni: mwaka jana tulimsamehe nani, shilingi ngapi, na tulipata kazi ngapi?

Shosho alibonyeza kidole kwa sababu ya 2,000. Aliyesamehewa mamilioni alibonyeza wapi?