Watoto Wenye Ulemavu: Tuulize Mkutanoni

Leo tuzungumzie watoto wetu wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu mwingine. Je, wako darasani, au tumewaficha ndani?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yasema wana haki ya kusoma sawasawa na wenzao. Serikali yapaswa kusimamia. Lakini sisi tukinyamaza, nani atajua kama haisimamii?

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Simama, uliza: watoto hao kijijini ni wangapi? Wanaosoma ni wangapi? Vifaa vyao viko wapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mkutano ujao uyasome mwenyewe. Kisomo ni cha kazi hiyo, ndugu zangu.