Bajeti ya Mwezi Dukani: Nasaha kwa Wanakikundi cha Mikopo

Duka halifi kwa kukosa wateja tu. Hufa pia siku ya rejesho ikikuta droo tupu. Kabla mwezi haujaanza, andikeni. Kwa mfano: fedha iliyopo sh. 150,000, mauzo ya taslimu 900,000, madeni yatakayolipwa 50,000. Jumla 1,100,000. Kisha matumizi: bidhaa 700,000; pango 80,000; umeme na usafiri 60,000; rejesho 120,000; matumizi ya nyumbani 200,000. Jumla 1,160,000. Pengo ni 60,000, nanyi mmeliona mapema! Mlichokopesha msikihesabu mpaka kilipwe. Punguzeni bidhaa zisizotoka haraka, si rejesho. Fedha hiyo inasubiriwa na mwenzenu. Luka 14:28 yatuasa kukaa kwanza na kuhesabu gharama.