Siku ya Maonyesho, Mama na Watoto Waende Pia
Mazungumzo kwa wakulima wa Chepilat na viunga vyake



Msimu wa maonyesho ya kilimo ukifika, mambo huwa yale yale katika maboma mengi. Baba huvaa koti, hupanda matatu ya asubuhi kwenda Kisii au Nakuru, na hurudi jioni na mfuko wa makaratasi. Mama aliyebaki akikamua hasimuliwi kitu. Mwezi ukiisha, makaratasi yamewasha moto jikoni. Nauli imekwenda, na ng'ombe anatoa maziwa yale yale.

Chama cha ASK, kinachoandaa maonyesho haya, kina mizizi tangu 1901. Enzi hizo mambo yalikuwa ya walowezi. Leo mwenye robo ekari ya majani chai anaingia kwa mlango mmoja na mwenye shamba kubwa. Kasoro ni kwamba anayeingia mara nyingi si yule anayeifanya kazi yenyewe.

Chukua ugonjwa wa kiwele. Kwenye banda la mifugo mkulima huonyeshwa kukamulia matone ya kwanza ndani ya kikombe cheusi, kila chuchu, kila asubuhi. Akiona mabonge au majimaji, maziwa ya chuchu hiyo hayachanganywi na mengine, na daktari wa mifugo anaitwa mapema. Ni jambo la dakika mbili, lakini mikono inayopaswa kulijua ni ile inayokamua. Baba asiyekamua akielezwa, mafunzo hupotelea njiani.

La mahindi ni zito zaidi, na lilianzia karibu. Mnamo Septemba 2011 ugonjwa wa mahindi unaoitwa MLN uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya huko Longisa, hapa hapa Bomet. Majani hupata madoa na michirizi ya manjano, moyo wa mmea hukauka, na gunzi hutoka na punje za kuhesabu. Asiyeujua husema ni ukame au mbolea kidogo. Kumbe ni virusi vya aina mbili vilivyokutana kwenye mmea mmoja, na wadudu wadogo huvihamisha kutoka shamba hadi shamba. Dawa ya kuuponya hakuna. Kinachosaidia ni kung'oa mimea iliyougua, kutumia mbegu zilizoidhinishwa, na kutopanda mahindi juu ya mahindi: msimu mmoja maharagwe au viazi, ndipo mahindi yarudi. Sasa, nani huona jani la kwanza la manjano? Ni mama anayepalilia, au mtoto aliyetumwa kuchuma mboga. Hao ndio wa kusimamishwa mbele ya shamba la mfano.

Mtoto ana kazi nyingine pia, mbali na pembea na peremende (ambazo apewe, ni siku yake). Pakiti ya mbegu iliyoidhinishwa ina kibandiko cha KEPHIS. Kikikwaruzwa huonekana nambari, nayo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili mnunuzi ajue kama mbegu ni halali. Kijana wa darasa la saba hufanya hivyo kabla baba hajatoa pesa. Dawa ya kunyunyiza nayo itazamwe kama ina nambari ya usajili ya PCPB. Muuzaji mwenye kipaza sauti anayeahidi dawa moja ya kila ugonjwa apitwe tu.

Kilimo ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010. Kwa hiyo anayekutana na afisa wa kilimo wa kaunti yake asiondoke na karatasi peke yake. Amweleze anatoka wadi gani na aulize atampataje akimhitaji bomani.

Ng'ombe, bila shaka, hana sikukuu. Maonyesho ya ASK huchukua siku kadhaa, basi majirani wapeane zamu: boma moja liende leo, jingine likamue la wote wawili, kesho wabadilishane. Hapa Chepilat jirani huyo huenda ni wa ng'ambo ya mpaka, Mkipsigis kwa Mkisii. Kituo hiki kinakumbuka mwanzo wa 2008, na kumwachia mtu ng'ombe wako si jambo dogo. Wapo wanaoachiana tayari. Jioni watu wa maboma hayo mawili wakae pamoja, chai au mursik ikiwa mezani, na kila aliyekwenda, hata mtoto, aeleze kitu kimoja alichokiona.