Hazina ya Kabatini

Hapa Iyunga tunalo kabati la kioo. Ndani yake tumekusanya vigari, mifano ya magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953: Volvo ya Joginder Singh, mshindi wa mwaka 1965, na Datsun ya Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5.

Siku moja mtoto wa jirani aliomba kuishika ile Volvo. Tulimkatalia, tukihofia rangi isichubuke. Jioni alirudi na kigari cha waya alichokiunda mwenyewe, magurudumu yake ya kandambili kuukuu. “Shikamoo, Baba. Hiki ni chako.” Tuliona haya.

Volvo halisi ilikuwa imekwisha kutumika na wengine Joginder alipoipata. Ikapita vumbi na matope hata ushindi. Yetu ilikuwa haijaguswa. Bwana alituonya juu ya hazina ziliwazo na kutu. Kumbe kutu huanzia moyoni, kabla ya chuma.

Leo kabati halina kufuli, na Volvo imechubuka ubavuni. Ndugu mpendwa, nawe umemfungia nani?