Nani Aliwaua Samaki Wetu?

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)



Leo nimekuja kuungama kosa langu. Mwenye bwawa la samaki na asikilize vizuri, maana miezi ya joto kali kabla ya mvua ndiyo miezi ya hatari.

Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, wanakisomo walichimba bwawa kwa majembe na makarai, wakapandikiza vifaranga vya perege. Kambale wachache waliingia wenyewe kwa njia ya mfereji. Ilipofika Oktoba jua likawaka, maji yakapungua, na samaki wakawa wanakula kwa pupa. Mimi nikasema, "Ongezeni samadi na pumba, wanenepe upesi." Wakaongeza. Maji yakawa kijani kama mlenda. Tukafurahi.

Asubuhi moja nikaitwa mbio. Perege wakubwa walikuwa wanaelea, matumbo juu. Watu wamejaa ukingoni kwa hasira. "Mtu katia utupa!" Wakamtaja jirani mmoja aliyegombana na kikundi juu ya maji ya mfereji. Vijana walikwisha kushika fimbo. Ndipo mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alipowazuia. Akasema, "Wanangu, tazameni kwanza. Kambale wazima. Vifaranga wazima. Utupa gani huo unaochagua?"

Sote tukanyamaza. Basi, nani aliwaua?

Ndugu zangu, samaki naye anapumua. Anavuta hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji kwa matamvua yake. Lakini hewa hiyo majini ni kidogo sana. Lita moja ya hewa tunayovuta sisi ina oksijeni zaidi ya miligramu 250. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 inaweza kushika kama miligramu 9 tu. Maji hayo yakifika nyuzi 30, yanashika kama 7 na nusu. Yaani joto likipanda, hewa inapungua.

Tena mwili wa samaki hauna joto lake wenyewe kama wetu. Maji yakipata joto, naye anapata joto, na mwili wake unataka hewa nyingi zaidi. Kwa hiyo mahitaji yanapanda wakati akiba inashuka. Ni kama nyumba yenye wageni wengi na unga kidogo.

Na ule ukijani? Ule ni mimea midogo sana isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana, kwa nguvu ya jua, mimea hiyo inatoa oksijeni. Usiku haitoi, nayo inavuta ile ile ya samaki. Samadi na pumba zinazooza chini ya bwawa nazo zinakula hewa. Basi ikifika alfajiri, hewa imekwisha.

Perege hawaogopi joto. Maji ya nyuzi 25 hadi 30 wanayapenda sana. Hawakuuawa na jua, walikosa pumzi usiku. Wakubwa ndio hutangulia kufa mara nyingi, kwa sababu wanahitaji hewa nyingi. Vifaranga hujibanza juu kabisa, maji yanapogusana na hewa. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya nje, ndiyo maana alipona. Aliyetia "sumu" ni mimi, kwa ushauri wangu wa samadi.

Basi tufanye nini wakati wa joto?

Kwanza, amka alfajiri ukatazame bwawa. Ukiona samaki wako juu wanapanua midomo, usidhani wanacheza. Wanatafuta pumzi.

Pili, siku hiyo usiwape chakula wala samadi. Fungulia maji mapya, yaanguke kutoka juu ili yachukue hewa. Kama hakuna mfereji, choteni maji ya bwawa kwa ndoo, myamwage tena kutoka juu. Vueni wakubwa, wauzwe au waliwe.

Tatu, pima ukijani kwa mkono. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kama vidole vinapotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, ukijani umezidi. Acha samadi.

Nne, lisha jua likiwa limekwisha panda, kama saa nne asubuhi. Usilishe magharibi.

Tano, upande wa kina wa bwawa uwe na mita moja au zaidi. Maji machache hupata joto upesi.

Mtaniuliza, "Na ziwani je?" Huko nako joto lina kazi yake, ila kwa njia nyingine. Chukueni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Ya baridi ni mazito, hukaa chini pamoja na rutuba. Upepo ndio unaoyachanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ziwa limezidi kupata joto, na maji hayachanganyiki kama zamani. Rutuba ikibaki chini, chakula cha dagaa kinapungua juu. Bwawani tunaweza kufungua mfereji. Ziwa lile hatuwezi kulimwagia ndoo. Basi tulinde lile lililo mikononi mwetu.

Nimalizie habari ya jirani yule. Kikundi kilimwendea kumwomba radhi, nami nikiwa mbele. Hakusema mengi. Alichukua jembe lake, akaenda kufungua maji upande wake wa mfereji. Jioni maji mapya yakaingia bwawani.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma ili tuulize sababu kabla ya kushika fimbo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini samaki hukosa hewa alfajiri kuliko mchana?
2. Bwawa lenu lina kina gani? Nani hulitazama alfajiri?
3. Mzee yule alitambuaje kwamba huenda si utupa?