Chombo na Mwalimu Wake: Mazungumzo juu ya Kuwasomesha Watoto Wasioona na Wasiosikia



Hakuna Mwislamu asiyeijua habari ya Abdallah bin Ummi Maktum, sahaba aliyekuwa haoni, ambaye kwa ajili yake iliteremshwa Sura ya Abasa. Lakini limo jambo katika habari hiyo ambalo halitiliwi mkazo sana. Mtu yule hakwenda kuomba sadaka. Alikwenda kuomba kufundishwa. Baadaye akawa mwadhini wa Madina, na Mtume aliposafiri alimwacha zaidi ya mara moja aushike mji. Haki aliyoidai ilikuwa haki ya elimu.

Mtoto asiyeona akipelekwa chuoni hufundishwa kwa sikio. Huhifadhi sura baada ya sura, na watu humstaajabia. Naam, kuhifadhi ni jambo tukufu. Ila kuhifadhi siko kusoma. Akisahau neno hana pa kulitazama, na akikua hawezi kuandika barua wala kujisomea hati ya deni lake mwenyewe. Katika shule hali yake ni nzito zaidi, kwa kuwa huko kila kitu kimo ubaoni. Na mtoto asiyesikia hapati hata hilo la kuhifadhi kwa sikio. Mara nyingi hubakishwa nyumbani, akawa wa kuchota maji na kuchunga mbuzi.

Dawa ya yule wa kwanza yajulikana tangu zamani. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa 1809 na kupofuka utotoni katika karakana ya baba yake, alitunga maandishi ya nukta nundu, yasomwayo kwa ncha za vidole. Kila herufi imo katika nyumba ya nukta sita. Vyombo vyake ni vyepesi: kibao chenye vidirisha, kalamu ya chuma yenye ncha, na karatasi nene. Havitaki umeme, na hili si dogo katika nchi ambayo shule zake nyingi za milimani hazijafikiwa na waya.

Mwalimu wa madrasa atalipenda jambo hili: mwenye kutumia kibao huchoma nukta zake kutoka kulia kwenda kushoto, kama aandikavyo Mwarabu, kisha huigeuza karatasi na kusoma upande wa pili, kutoka kushoto kwenda kulia. Na nukta nundu za Kiarabu nazo husomwa kutoka kushoto, ingawa maandishi ya wino hutoka kulia. Mwaka 1951 UNESCO iliitisha mkutano Beirut ili kuyapatanisha maandishi hayo katika nchi za Kiarabu. Herufi nyingi zimewekwa sawa na za Kilatini: ba ni b, mim ni m, nun ni n, lam ni l. Basi mtoto aliyejifunza nukta za Kirundi na Kifaransa shuleni amekwisha fika nusu ya njia ya msahafu, endapo yupo chuoni mwalimu wa kumwonyesha nusu iliyobaki.

Vimekuja na vyombo vipya. Tangu 2006 ipo programu ya kompyuta iitwayo NVDA, iliyoanzishwa na vijana wawili wa Australia wasioona, nayo hutolewa bure. Husoma kwa sauti yale yaliyoandikwa katika kioo, na inazo sauti za Kifaransa na za Kiswahili. Hata hivyo mwalimu asiyefundishwa huiharibu kazi yake kwa neno moja tu: "Bonyeza hapa." Hapa ni wapi, kwa asiyeona? Mwanafunzi huyo haongozwi kwa mshale wa kioo, bali kwa vitufe, kimoja baada ya kingine, na yampasa mwalimu avijue kwa moyo. Njia njema ya kumfunza mwalimu ni kukizima kioo na kumwambia aandike barua mpaka mwisho.

Kadhalika chombo cha kusikia kitiwacho sikioni. Hakichagui, hukuza sauti ya mwalimu na hukuza vilevile mkwaruzo wa madawati na mvua juu ya mabati. Mwalimu mwenye kusema huku ameelekea ubaoni amemnyima mtoto midomo yake. Betri ikiisha na mwalimu asijue, mtoto hukaa siku nzima na kipande cha plastiki sikioni, naye huitwa mjinga. Na kwa yule asiyesikia kabisa, chombo hicho hakifai kitu. Haja yake ni lugha ya ishara, na mwalimu aijuaye barabara.

Muyinga upo mfano mzuri. Mwaka 2012 ilijengwa maktaba iliyokusudiwa kuwa mwanzo wa shule ya watoto wasiosikia pamoja na wenzao, kwa kazi ya wasanifu BC Architects wa Ubelgiji pamoja na jumuiya ya hapo hapo, ODEDIM. Tofali zake ni za udongo ulioshindiliwa, miti yake ni mikaratusi, vigae vyake ni vya udongo uliochomwa, na ndani umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala na kusoma. Vyote vilitoka karibu. Mwalimu naye hana budi kupatikana karibu, wala hafinyangwi kwa msimu mmoja kama tofali.

Sheria haikosekani. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikatoa sheria yake yenyewe. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wahitaji vyombo vya namna hii, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni 3 tu katika kila 100 wavipatao. Hesabu hiyo ni ya vyombo. Wa kuvifundisha hawakuhesabiwa humo. Semina ya siku mbili, yenye chai na cheti, haimfanyi mtu kuwa mwalimu wa nukta nundu.

Kwa hiyo fedha za jumuiya zikipatikana, visinunuliwe kwanza vile vya kupigwa picha. Vinunuliwe vibao na kalamu za chuma, na zilipwe nauli na posho za walimu wawili kutoka kila madrasa, mmoja mwanamke, wakae miezi wala si siku. Gitega, iliyo katikati ya nchi na makao makuu ya siasa tangu 2019, yafaa kuwa mahali pa kukutania, na wa Muyinga wawafunze wenzao lugha ya ishara. Na kabla ya hayo, kila msikiti uandike majina ya watoto wasioona na wasiosikia walio katika nyumba zake, pamoja na wale ambao wageni wakija hupelekwa chumba cha ndani.